Aliyeomba na Aliyepewa: Wanawake Wawili wa Zanzibar katika Dodoma ya Julai 2015

Usiku wa kuamkia tarehe 12 Julai 2015 ulikuwa wa Ramadhani, ndani ya kumi la mwisho, wakati ambao watu wa Unguja hukesha kwa ibada na siasa huwekwa kando. Usiku ule haikuwekwa kando. Baada ya tarawehe, nyumba ya mama yangu mdogo huko Ng'ambo ilijaa wanawake wa mtaani, mkeka umetandikwa ukumbini, televisheni imepandishwa sauti, na sufuria ya uji wa daku inachemka uani bila ya mtu wa kuikoroga. Wanaume walikuwa nje, barazani, na redio yao. Baina yetu palikuwa na mlango ulioachwa wazi, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kuwasikia wao wakiuliza habari za siasa na wanawake wakiwajibu: nani amebaki, nani jina lake limekatwa, na kama yule mama yetu bado yumo.

Alikuwamo. Balozi Amina Salum Ali, mwanamke wa Zanzibar, alikuwa mmoja wa watu watatu waliobaki kuomba uteuzi wa Chama Cha Mapinduzi kugombea urais wa Jamhuri ya Muungano. Wenziwe walikuwa Dk. Asha-Rose Migiro, aliyewahi kuwa Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, na Dk. John Pombe Magufuli, wakati huo Waziri wa Ujenzi. Matokeo ya kura za mkutano mkuu wa chama huko Dodoma yalipotangazwa tarehe 12, Magufuli alikuwa na kura 2,104, Bi Amina kura 253 na Dk. Migiro kura 59. Siku hiyohiyo mwanamke mwingine wa Zanzibar, Bi Samia Suluhu Hassan, ambaye hakuwa amechukua fomu ya urais wala kuzunguka mikoani kutafuta wadhamini, alitangazwa kuwa mgombea mwenza. Miaka mitano na miezi minane baadaye yeye ndiye aliyekuwa Rais.

Kisa ninachotaka kukichambua ni hicho. Katika mji mmoja, katika muda usiozidi siku mbili, chama kimoja kilimkatalia mwanamke wa Zanzibar aliyeomba, kikampa mwanamke wa Zanzibar ambaye hakuomba. Simulizi nyingi zilizotolewa tangu hapo huanzia kwa aliyepewa, na sababu yake inaeleweka, kwani anayefika ndiye anayesimuliwa. Mimi naona kisa chenyewe hakifahamiki mpaka tuanze kwa aliyeomba.

Katika siasa za visiwani, kuomba na kupewa ni mambo mawili yaliyo mbali sana, na wanawake wanaujua umbali huo kuliko mtu yeyote. Kupewa ni kuteuliwa: uwaziri, ukuu wa wilaya, moja ya zile nafasi kumi za Rais katika Baraza la Wawakilishi, au kiti maalumu kinachogawiwa kupitia chama. Kuomba ni kusimama mbele ya wanaume wa jimbo lako na kusema kwamba unakitaka kile ambacho na wao wanakitaka. Mwanamke aliyepewa hupongezwa hata na wale ambao wasingemchagua. Mwanamke anayeomba huingia midomoni mwa watu, na haingii peke yake, bali huingia pamoja na mumewe, mama yake na namna alivyowalea watoto wake.

Sheria imejitahidi kuongeza kile kinachotolewa. Mabadiliko ya kumi ya Katiba ya Zanzibar, yaliyofanywa mwaka 2010, yalipandisha viti maalumu vya wanawake katika Baraza la Wawakilishi kutoka asilimia 30 hadi asilimia 40 ya viti vya majimbo. Ilikuwa hatua kubwa, nami sikubaliani na wanaoidharau, maana wapo wanawake ambao bila ya mlango huo wasingepata pa kujifunzia kuuliza swali, kusoma bajeti na kumbana waziri. Lakini mlango huo una bawabu wake, na bawabu huyo ni chama. Mwanamke wa kiti maalumu hana jimbo la kumtetea siku ambayo wakubwa wa chama wamemkasirikia.

Wapo wanaosema kwamba wanawake wa Zanzibar hawaipendi siasa. Ninaposikia hivyo huwa nauliza ni siasa ipi inayokusudiwa. Katika uchaguzi wa kwanza wa mwaka 1957 wanawake hawakuruhusiwa kupiga kura kabisa. Waliruhusiwa mara ya kwanza katika uchaguzi wa Januari 1961, na katika uchaguzi huo jimbo la Chake Chake liliamuliwa kwa kura moja tu. Nimekaa sana na habari hiyo ya kura moja. Kila mwanamke wa Chake Chake ambaye siku ile alimwachia jirani mtoto wake, akafunga buibui na kwenda kusimama foleni, alikuwa kwa hesabu halali ndiye mwamuzi wa jimbo lake. Vyama vikagawana viti nusu kwa nusu, uchaguzi ukarudiwa mwezi Juni mwaka uleule, na ghasia zilizofuata zikaua watu 68. Kwa hiyo tangu mwanzo kura ya mwanamke wa visiwani ilikuja pamoja na hatari, na wanawake waliipiga.

Hatari hiyo haikuisha. Baada ya Mapinduzi ya 1964 Zanzibar ilikaa hadi 1980 bila ya uchaguzi wa kuwapata wawakilishi, na vyama vingi viliporudi, kila uchaguzi kuanzia 1995 ulileta mgogoro wake. Mwishoni mwa Januari 2001, baada ya uchaguzi wa mwaka uliotangulia, waandamanaji walipigwa risasi na kuuawa Pemba na Unguja, na zaidi ya watu 2,000 walivuka bahari kukimbilia Shimoni, Kenya, wengi wao kwa majahazi na ngalawa. Katika mashua zile walikuwamo wanawake na watoto. Mwanamume anapomwambia binti yake aiache siasa kwa sababu ni ya wanaume, mara nyingi hasemi kwamba binti hana akili, anakumbuka mashua. Nalitaja hilo kwa sababu upinzani dhidi ya wanawake katika siasa zetu hautoki katika dharau tu. Sehemu yake inatoka katika hofu, na hofu hujibiwa kwa namna nyingine kuliko dharau.

Kuna jambo jingine, dogo kwa kulitazama lakini zito kwa matokeo yake. Siasa ya Zanzibar hufanywa barazani baada ya isha, kwa kahawa chungu na kashata, na hufanywa katika maskani, zile sehemu za wanachama zilizo chini ya mti au pembeni ya barabara, zenye jina na bendera. Maskani ya Kisonge pale Michenzani ni mfano unaojulikana na kila mtu, pamoja na ubao wake wa maneno ya chaki uliokuwa ukisomwa na kila mpita njia. Ni katika sehemu kama hizo ambamo jina la mtu huanza kutajwa, miezi mingi kabla ya fomu kutolewa. Mwanamke anayejiheshimu hakai barazani saa nne za usiku, na akikaa, heshima yenyewe huanza kuhojiwa. Zinapokuja kura za maoni, mwanamume ameshakaa na wajumbe usiku baada ya usiku, ilhali yeye amewaona misibani na arusini. Asiyekuwepo na lake halipo.

Mikusanyiko ya wanawake nayo ni mingi na mikubwa. Iko ya upatu, ya maulidi, ya kusuka ukili, na iko ya wakulima wa mwani wa Paje, Jambiani na Makunduchi ambao huingia baharini kwa pamoja maji yanapokupwa na kuzungumza kila jambo la nchi huku mikono ikifunga kamba kwenye vijiti. Mjumbe wa chama akipita hapo, huwapa kanga na fulana. Hakai kuwauliza wanamtaka nani.

Bi Amina Salum Ali alikulia ndani ya siasa ya namna hiyo, na akaamua kuomba. Alizaliwa mwaka 1956, akasoma uchumi nchini India, na katika miaka ya tisini alikuwa Waziri wa Fedha wa Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, kipindi ambacho wafadhili walisimamisha misaada yao kutokana na mgogoro wa uchaguzi wa 1995 na hazina ya visiwa ikabaki na karafuu, ushuru wa bandari na kidogo cha utalii. Anayeshika fedha katika wakati kama huo hapati marafiki wengi. Mwaka 2000, Rais Salmin Amour alipomaliza muda wake, Bi Amina alichukua fomu kuomba uteuzi wa CCM kwa urais wa Zanzibar. Aliyepitishwa alikuwa Amani Abeid Karume. Kwa mwanamke wa Zanzibar kuutaka urais wa Zanzibar waziwazi, katika mwaka ule na hali ile ya visiwa, lilikuwa jambo ambalo watu wazima walilizungumza kwa sauti ya chini. Mimi nilikuwa msichana, na ninakumbuka jinsi jina lake lilivyotajwa nyumbani kwetu: kwanza kwa mshangao, kisha kwa ukali, kisha, wanaume walipotoka kwenda msikitini, kwa namna nyingine kabisa.

Kuanzia 2007 alikuwa Washington, mwakilishi wa kwanza wa kudumu wa Umoja wa Afrika nchini Marekani. Aliporudi mwaka 2015 kuomba urais wa Muungano, alikuwa amebeba mizigo mitatu kwa pamoja. Alikuwa mwanamke. Alikuwa Mzanzibari, naye Mzanzibari wa mwisho kuwa Rais wa Muungano, Ali Hassan Mwinyi, alikuwa ameondoka madarakani mwaka 1995. Tena alikuwa amekaa nje miaka minane, wakati wenziwe wamekaa na wajumbe. Huu wa tatu hutajwa mara chache, nami nadhani ndio uliomwelemea zaidi.

Mchakato wenyewe ulikuwa mgumu kwa kila mtu. Fomu ilikuwa shilingi milioni moja, na mwombaji alitakiwa kupata wadhamini 450 katika mikoa 15, mingine ikiwa ya Zanzibar. Watu 42 walichukua fomu, idadi ambayo haikuwahi kuonekana katika chama hicho. Kambi zilikuwa kubwa na zenye fedha, na kubwa kuliko zote ilikuwa ya waziri mkuu wa zamani, Edward Lowassa. Usiku wa tarehe 10 Julai Kamati Kuu ilileta majina matano: Bernard Membe, John Magufuli, January Makamba, Asha-Rose Migiro na Amina Salum Ali. La Lowassa halikuwamo. Wajumbe watatu wa Kamati Kuu walitoka hadharani kujitenga na uamuzi huo, na mmoja wao alikuwa mwanamke, Sophia Simba, wakati huo mwenyekiti wa Umoja wa Wanawake wa chama. Ninamtaja ingawa si wa kwetu, na ingawa sikubaliani na aliyekuwa akimtetea, kwa sababu kusimama mbele ya waandishi wa habari usiku ule na kusema kwamba kikao ulichokaa hakikufuata utaratibu kulihitaji moyo, na ujasiri wa wanawake hatuna ruhusa ya kuuhesabu pale tu unapokubaliana na sisi. Halmashauri Kuu ilipokutana, wajumbe walimwimbia Lowassa mbele ya Mwenyekiti wao, Rais Jakaya Kikwete. Kikao hichohicho kikapunguza matano hadi matatu, na wawili kati ya watatu wakawa wanawake.

Hapo ndipo wengi walishangilia, na mkekani kwetu vigelegele vilipigwa. Nikitazama nyuma naona tulishangilia mapema. Katika chama kilichokuwa kinachanika kwa kambi mbili tatu za wanaume, wanawake wawili walibaki kwa sababu, kwa maoni yangu, hakuna kambi iliyowaogopa. Hawakuwa na kundi la vijana wa kuimba, hawakuwa na matajiri waliowekeza kwao. Kilichowafikisha fainali ndicho kilichowanyima ushindi. Jumlisha kura zao zote mbili unapata 312 katika kura 2,416, ambazo hazifiki hata asilimia 13. Hivyo ile hoja kwamba wangeungana wangeshinda haina msingi wa hesabu.

Hata hivyo zile kura 253 zina maana yake. Zilipigwa kwa siri, hakuna ajuaye ni za nani, lakini ni watu 253 ambao, katika usiku ambao upepo wote ulikuwa unavuma upande mmoja, waliandika jina la mwanamke wa Zanzibar kuwa Rais. Hazikuwa kura za kumfurahisha mtu wala za kulipa deni. Tangu hapo haikuwezekana tena kusema kwamba jambo hilo halifikiriki, kwa kuwa lilikuwa limefikiriwa, likaandikwa na kuhesabiwa. Ninaamini, wala si siri kwamba hii ni imani yangu na si ushahidi, kwamba jina la mwanamke wa Zanzibar lilipokelewa kwa urahisi ule siku ya tarehe 12 kwa sababu lilitanguliwa na jina jingine la mwanamke wa Zanzibar.

Njia ya Bi Samia ilipita pengine. Ibara ya 47 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inataka Makamu wa Rais atoke upande wa pili wa Muungano. Mgombea akishakuwa wa Bara, nafasi ya mwenza ni ya Zanzibar, na anayeitafuta haombi kwa wajumbe bali huitwa. Aliyeitwa hakuwa mgeni. Alianza kazi akiwa karani serikalini mwishoni mwa miaka ya sabini, akaingia Baraza la Wawakilishi mwaka 2000 kwa kiti maalumu, akawa waziri katika serikali ya Rais Karume, kwanza akishughulikia wanawake, watoto na vijana, kisha utalii, biashara na uwekezaji. Mwaka 2010 alifanya jambo ambalo katika hesabu yangu ni kubwa kuliko uteuzi wowote: aliacha starehe ya kiti maalumu akaenda kuomba kura katika jimbo la Makunduchi, kuingia Bunge la Muungano, na akashinda. Yeye naye, basi, aliwahi kuwa mwombaji. Tofauti ya kuomba na kupewa niliyoieleza juu haiwagawi wanawake hawa wawili kama kisu. Inapita ndani ya maisha ya kila mmoja wao.

Makunduchi si mahali pa kuomba kura kwa sauti nyororo. Huko ndiko kwenye Mwaka Kogwa, ambapo kila mwezi wa Julai wanaume huingia uwanjani kupigana kwa magogo ya migomba ili kutoa kinyongo cha mwaka mzima, kibanda cha makuti huchomwa moto, na wanawake huzunguka kwa nyimbo wakiwa wamevaa nguo zao nzuri. Anayezisikiliza nyimbo zile kwa makini husikia vijembe, masuto na hesabu za mwaka zikitolewa mbele ya watu wote. Wanaume hupigana kwa migomba na wanawake kwa maneno, na siku hiyo hakuna anayewaambia wanyamaze. Mwaka 2015 sherehe hiyo iliangukia siku chache tu baada ya Idi, na kwa hiyo si zaidi ya wiki mbili baada ya binti wa mji huo kutangazwa Dodoma.

Kilichomweka Bi Samia machoni mwa nchi nzima, lakini, ni Bunge Maalum la Katiba la mwaka 2014, ambamo alikuwa Makamu Mwenyekiti chini ya Samuel Sitta. Bunge lile lilikuwa na kelele, matusi na mivutano ya muundo wa Muungano ambayo kwa Mzanzibari yeyote inagusa mfupa. Kundi la upinzani lilitoka ukumbini mwezi Aprili na halikurudi. Wapo Wazanzibari ambao hadi leo hawajamsamehe kwa kukalia kiti katika Bunge hilo, na hoja yao si ya kupuuzwa, kwani rasimu iliyopitishwa Oktoba haikuwa ile iliyotokana na maoni ya wananchi kuhusu serikali tatu. Lakini namna alivyokiendesha kiti, kwa sauti isiyopanda hata wajumbe wanapopiga meza, iliwaonyesha wakubwa wa chama mtu wanayeweza kumwamini wakati wa msukosuko. Wanaume wa chama waliona utulivu wake, na nadhani wengi waliudhania kuwa ni utiifu.

Msukosuko ulikuja haraka. Tarehe 25 Oktoba 2015 watu walipiga kura, na tarehe 28 mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar, Jecha Salim Jecha, alitangaza kufuta uchaguzi wote wa Zanzibar. Kura za Rais wa Muungano zilizopigwa siku ileile, katika vituo vilevile, na watu walewale, zilibaki halali. Tarehe 5 Novemba Bi Samia aliapishwa kuwa Makamu wa Rais, wa kwanza mwanamke, hali visiwa alikozaliwa havikuwa na matokeo ya uchaguzi. Uchaguzi wa marudio wa Machi 2016 ulisusiwa na Chama cha Wananchi, CUF. Ni katika miezi hiyo pia ambapo chama cha waandishi wa habari wanawake, TAMWA, upande wa Zanzibar, kilieleza kwamba wanawake wapatao 50 walipewa talaka na waume zao kwa sababu ya kura walizopiga au walizotaka kupiga. Ninaiweka habari hiyo hapa kwa makusudi, karibu kabisa na kiapo cha Makamu wa Rais mwanamke, kwa sababu ilitokea kipindi hichohicho. Mwanamke mmoja wa kwetu alipanda hadi ofisi ya pili kwa ukubwa nchini, na mwingine, pengine katika shehia jirani, alirudi kwao na begi la nguo kwa ajili ya alama aliyoiweka kwenye karatasi. Yule wa pili hatajwi na mtu, ingawa ujasiri wake haukuwa na mlinzi wala mshahara.

Yaliyofuata yanajulikana. Usiku wa tarehe 17 Machi 2021 Bi Samia ndiye aliyelitangazia taifa kifo cha Rais Magufuli, na tarehe 19 aliapishwa Ikulu ya Dar es Salaam, Msahafu mkononi, kwa mujibu wa Ibara ya 37 inayosema kwamba Rais akifariki Makamu wake atamalizia muda uliobaki. Ibara hiyo haiulizi kama Makamu ni mwanamume au mwanamke, Mzanzibari au Mbara. Nafasi iliyotolewa kwa ajili ya kuweka mizani ya Muungano ikageuka kuwa mamlaka kamili, bila ya kikao cha chama kuketi kuchuja majina. Ninajiuliza mara nyingi kama angepita iwapo kikao hicho kingeketi.

Utawala wake wenyewe ni kisa kingine, na mwenye kuuandika ataandika pia habari za uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba 2025, ambao ulifanyika kiongozi mkuu wa upinzani akiwa gerezani kwa kesi ya uhaini, watu wakauawa katika maandamano na intaneti ikazimwa. Mwanamke akishika dola anastahili kuhojiwa juu ya damu iliyomwagika kwa ukali uleule ambao angehojiwa mwanamume. Kumpunguzia ni kumvunjia heshima. Ninachokikataa ni kile kinachosemwa sasa barazani, kwamba yaliyotokea yanathibitisha kuwa wanawake wasipewe nchi. Wanaume waliomwaga damu katika historia ya visiwa hivi hawakuwahi kuhesabiwa kuwa ni hoja dhidi ya wanaume.

Wakati Bi Samia alipokuwa Makamu wa Rais, Bi Amina alirudi nyumbani. Mwaka 2016 Rais Ali Mohamed Shein alimteua kuwa Waziri wa Biashara, Viwanda na Masoko wa Zanzibar, naye akakaa katika nafasi hiyo hadi 2020. Angeweza kuishia hapo. Alikuwa ameshakuwa waziri, balozi, na mtu wa pili kwa kura katika mkutano mkuu wa chama chake. Wengi wa rika lake walikuwa wameshaondoka katika siasa na kukaa na wajukuu.

Mwezi Juni 2020, Dk. Shein alipokuwa anamaliza muda wake, fomu za kuomba uteuzi wa urais wa Zanzibar zilitolewa katika Afisi Kuu ya CCM, Kisiwandui. Zaidi ya watu 30 walijitokeza, wanaume kwa wingi na wanawake wachache. Bi Amina alikuwa na umri wa miaka 63. Miaka ishirini ilikuwa imepita tangu aombe nafasi hiyohiyo kwa mara ya kwanza, na mitano tangu Dodoma. Alikwenda, akachukua fomu.

Tarehe 10 Julai 2020 Halmashauri Kuu ilikutana Dodoma na majina matatu yaliyoletwa mbele yake kwa ajili ya Zanzibar yalikuwa ya Hussein Ali Mwinyi, Shamsi Vuai Nahodha na Khalid Salum Mohamed. Kesho yake, katika mji huohuo, mkutano mkuu ulimpitisha tena Bi Samia kuwa mgombea mwenza.